Ng'ombe wa Zizini, Ng'ombe wa Mezani

"Kwa nini ng'ombe akiwa zizini ni cow, akifika kwenye sahani anaitwa beef?"

Aliyeuliza ni rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza, katika shule ya kata huko Ikungi. Kwao walifuga. Alikuwa amewachunga ng'ombe na amewala, na kwa Kiswahili, kama kwa Kinyaturu cha nyumbani, hakuwahi kuona mnyama akibadilishwa jina kwa sababu tu amechinjwa.

Mwalimu wa Kiingereza alinigeukia mimi, hodari wa kukariri, akaniambia nimweleweshe mwenzangu. Nilisimama nikayarudia maneno yote mawili kama yalivyo daftarini. Basi akasema mwenyewe kwamba Kiingereza ni lugha iliyokamilika, kila kitu kina neno lake, si kama hizi zetu za kuombaomba. Kisha akamvalisha rafiki yangu kibao, kwa kuwa swali lake aliliuliza kwa Kiswahili.

Kibao kilikuwa kipande cha mbao kutoka dawati bovu, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, na kimeandikwa kwamba anayekivaa ni mjinga. Ulikivaa shingoni mpaka umnase mwingine akisema Kiswahili au Kinyaturu. Ukinaswa tena ukiwa bado umekivaa, ulipigishwa magoti. Shule nzima tuliwindana. Wengine walijificha nyuma ya vyoo kusikiliza wenzao. Mtu akichomwa na mwiba alijifunza kulia bila maneno.

Wakati wa mapumziko nilimwambia anisalimie kwa Kinyaturu, nimwitikie, nikivae mimi. Akakataa.

"Nataka jibu kwanza," alisema. "Wewe si ndiye profesa?"

Mchana baba yake akafika na baiskeli, amebeba gunia la mahindi, mchango wa chakula cha wanafunzi. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Kwetu mtoto hamwoni baba yake akanyamaza, wala hamtupii good morning kama anamsalimia wa rika lake. Rafiki yangu akatazama chini akasema, "Shikamoo baba."

Mwalimu akamwamuru apige magoti.

Baba akauliza binti yake amefungwa nini shingoni. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na haijaisha: mwalimu alimweleza ile sheria kwa Kiswahili. Kiswahili kirefu, kizuri, chenye mifano, maana bila hivyo mzee asingeelewa kwa nini mwanawe anaadhibiwa kwa kusema Kiswahili. Hakuna aliyemvalisha yeye kibao.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi ng'ombe namfunga kengele ili asipotee," alisema. "Huyu umemfunga ili iweje?"

Mwalimu akajibu kuwa ni kwa faida yake. Baba akakivua kile kibao, akakiweka juu ya gunia la mahindi, akampakia binti yake kwenye baiskeli wakaondoka kuelekea kwao Sepuka. Rafiki yangu hakurudi shule tena. Aliyekuwa anatushinda wote hesabu akawa mfano wa kutajwa mstarini: wazazi wa vijijini hawathamini elimu. Sentensi hiyo bado naisikia, kwenye semina zenye chai na maandazi, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuuliza mtoto alikimbia nini.

Chuoni nililitafuta jibu lake. Cow ni neno la zamani la wakulima wa huko Uingereza. Beef lilitoka Kifaransa, lugha ya watawala waliowavamia. Wapo wanaosimulia kirahisi kwamba mchungaji alibaki na jina la zizini, bwana akachukua la mezani. Sikuridhika, nikachimba zaidi, nikakuta kwa karne kadhaa beef liliweza kumtaja hata ng'ombe anayetembea, na maana ikajitenga polepole. Lakini asili haina ubishi. Lugha iliyokamilika iliomba hadi jina la kitoweo.

Nilimpigia rafiki yangu simu. Analima alizeti sasa, ana watoto, na anawasaidia hesabu za shule mwenyewe. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, huku tukikatizwa na mbuzi wake. Akacheka.

"Umechelewa, profesa. Kumbe na Waingereza walivalishwa kibao. Nani aliwavua?"

Jibu la swali hilo nililipata baadaye sana: mahakamani kwao kesi zilisemwa kwa Kifaransa, mbele ya wakulima wasioelewa wanahukumiwa kwa lipi, mpaka ikatungwa sheria kwamba Kiingereza kitumike. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.