Milingoti ya Mzee Salimu

Nakumbuka Jumamosi tuliyong'oa milingoti ya goli hapa Nyeri, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Jana nilikusikia ukimtukana mwenye timu yako mbele ya redio. Sikukukataza, maana mimi wangu nilimfanyia makubwa kuliko matusi.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Timu yetu ilikuwa ya Mzee Salimu, muuza ngozi wa mtaa wa Majengo, mtu wa maneno machache. Alikuwa na duka na lori, lakini mchezaji kutoka nje hakutuletea hata mmoja. Kila mwaka ni vijana wale wale wa vijiji vya karibu. Ndugu yangu mkubwa alicheza beki. Kipa alikuwa Muriuki, na ukweli usemwe, Muriuki alishika mpira kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa. Jumamosi hiyo tulihitaji sare tu tupande daraja. Akafungwa mawili.

Sisi mashabiki tukamwendea Mzee Salimu pale pale uwanjani, mimi mbele.

“Mzee, tuletee kipa wa Nairobi,” nikamwambia. “Huyu Muriuki tumechoka na yeye.”

“Muriuki atakaa.”

“Kwa nini?”

“Atakaa, kijana.”

Basi. Akaenda zake. Nikawageukia wenzangu nikawaambia, ati huyu mzee hataki kuinuka, na sisi tutabaki chini pamoja naye. Hasira hasara, lakini nani angetuambia? Tuling'oa milingoti miwili ya mti wa mtarakwa, mizito ajabu, tukaitupa mlangoni pa duka lake.

Jumapili asubuhi nilikuwa hotelini ng'ambo ya barabara, na chai yangu, nikingoja kuona atafanya nini. Hakuita polisi. Alitoka, akavua kofia yake safi, akainama kuinua mlingoti peke yake. Ukamshinda. Akainama tena.

Hapa lazima nikueleze jambo. Wakati wa Hali ya Hatari baba yangu alikuwa msituni akipigana na Waingereza, na babake Muriuki alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa Waingereza. Vita vikaisha, wakaishi kijiji kimoja bila kusalimiana, miaka na miaka. Lakini kila Jumamosi wote wawili walisimama nyuma ya goli lile, huyu kushoto, yule kulia, kila mtu akimtazama mwanawe. Mimi niliwaona kila wiki na sikuwahi kujiuliza. Usilolijua ni usiku wa giza.

Asubuhi hiyo baba alikuwa anatoka kanisani. Alimwona mzee akihangaika, akavua koti. Babake Muriuki naye akavuka barabara kutoka upande wa soko. Wakakutana juu ya mlingoti ule mmoja, wakasimama. Mzee Salimu akasema tu, “Mmoja mbele, mmoja nyuma.”

Mwanangu, niliogopa. Nilidhani watapigana. Wakainama, wakauweka begani, wakaanza kutembea. Mama mmoja alitua kikapu chake chini akawatazama mpaka wakapita. Mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji yote nje, na hakuna aliyeutazama. Kwenye kona ya hoteli nikamsikia baba akisema, “Inua kidogo upande wako.” Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kusikia kati yao. Nikaiacha chai yangu mezani.

Nilikimbia nikashika mlingoti wa pili. Mzee Salimu akashika mwisho wake. Hakunilaumu njia nzima. Tulipofika kwenye shimo akaniuliza, taratibu, “Kijana, kipa wa Nairobi, babake angesimama wapi?”

Nikauinua mlingoti, tukausimamisha.

Timu haikupanda daraja kamwe, na Muriuki aliendelea kufungwa. Wazee wale hawakuwa marafiki, nisikudanganye, lakini walisalimiana mpaka mwisho.

Sikuambii usilalamike. Mwenye timu mvivu na aambiwe, ana masikio. Ila kabla hujamwita mtu mlegevu, muulize anashikilia nini, kisha ungoje jibu. Kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza mara moja nikaona nimemaliza. Na ukishakosa, usikae hotelini na chai yako. Vuka barabara.

Nenda sasa, mpira wako unaanza. Mungu akupe bega la kubebea, na mtu wa kushika upande wa pili, hata kama ni yule usiyempenda.