Mursik ya Nahodha Aliyeshindwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitaficha. Miaka yote niliyokuwa nahodha wa timu ya taifa ya voliboli, marefa walinijua kwa mdomo kabla ya kunijua kwa mchezo. Kocha alikuwa akijisifu kwamba ndiye aliyenifundisha kuinua mpira kwa ncha za vidole. Haya, ajisifu. Vidole hivi vilifundishwa nyumbani Roret, kwenye shamba la chai la mama, ambako ukishika majani kwa kiganja chote unayaponda, na mama anakufukuza uende nyumbani ukapike.

Kila tuliporudi na kikombe kutoka ng'ambo, mama alikuja uwanja wa ndege Nairobi na sotet, kibuyu chetu cha maziwa. Ndani kulikuwa na mursik, maziwa yaliyolala na kugandia humo pamoja na unga wa mkaa hadi yakawa ya kijivu. Nilikunywa mbele ya kamera, mama akinifuta mdomo kwa leso kama mtoto wa nasari, wenzangu kwenye timu wakicheka mpaka machozi. Nilimpenda mama siku hizo hadi nikaona haya.

Mashindano yangu ya mwisho tulifungwa, tena vibaya. Goti lilikuwa limekwisha. Kocha alinitoa, na kazi yangu yote nikaimalizia kwenye benchi, taulo kichwani. Nilimpigia mama simu nikamkataza asije Nairobi, maana hakuna cha kusherehekea. Akasema, "Sawa," akakata. Hiyo sawa yake ilinichoma njia nzima ya kurudi nyumbani kwa matatu, Narok, Bomet, hadi tukapita Kaplong. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba mama alimpenda nahodha, na sasa nahodha hayuko tena.

Nilimkuta anatoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, kikapu kitupu mgongoni. Hakuuliza habari ya mechi. Alinisalimia, akaingia jikoni, akatoka ameshika sotet.

"Mama, tumeshindwa," nikamwambia. "Hiyo ni ya washindi."

"Nani alikwambia? Hao watu wa televisheni?" Akaitikisa sotet, akamimina. "Hii ni ya mtoto amefika nyumbani. Kaa chini, kunywa, wacha mdomo."

Nikakaa, nikanywa. Ilikuwa imeiva sawasawa, ule uchachu unaobana mashavu. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe ndipo akili iliponirudia. Mursik haiwekwi asubuhi ikanywewa jioni. Maziwa yanataka kukaa kibuyuni siku nyingi, na hii ilikuwa imekaa muda mrefu kuliko hata mashindano yenyewe.

"Mama, uliweka hii lini?"

"Siku ile ulipanda ndege kwenda," akasema, akachukua leso akanifuta mdomo.