Sifuri ya Tajudini

Tajudini, fundi wa kompyuta pale Bwiza, alichukia kitu kimoja tu: kukatizwa kazi. Kwa kuwa hakuweza kumfukuza mtu, aligawa namba, akazibandika mlangoni. Mzee Massoudi, kaka mkubwa wa mke wake, abishe mara moja. Jirani Spéciose mara mbili. Muuza maziwa mara tatu. Spéciose, mwenye ndoo mikononi, alibisha kwa goti: moja, mbili, halafu ndoo nayo ikagonga.

"Leo maziwa apana!" Tajudini akajibu kutoka ndani.

Wiki ya harusi ya Khadidja, binti wa Massoudi, ikafa ile kompyuta ya zamani iliyoendesha cherehani ya kutarizi ya Asiya, mke wa Tajudini. Gauni la bibi harusi lilikuwa limetariziwa mkono mmoja tu, na nikaha ni Ijumaa. Kompyuta mpya haikuijua programu ile kongwe. Tajudini akasema si neno: ndani ya kompyuta mpya atatengeneza kompyuta ya uongo, ili programu ijione iko kwake.

Sasa, ndani ya kompyuta kila kifaa hubisha hodi kwa namba yake, kazi ikatizwe, kisikilizwe. Tajudini akagawa namba kama alivyozoea, kwa umri. Printa, aliyoinunua kabla hajaoa, ikapata moja. Cherehani ikapata tatu. Saa ya ndani, ambayo hata haionekani kwa macho, ikapata ya mwisho, nane. Sifuri akaiacha. Shuleni aliipata mara nyingi, hakutaka kumpa mwenziwe.

Alhamisi asubuhi akawasha. Sindano ikapanda. Haikushuka.

Kule ndani ilikuwa saa mbili na dakika nne. Adhuhuri ikaadhiniwa, kule bado saa mbili na dakika nne. Sindano ilingoja wakati uende. Tajudini akaisogeza cherehani dirishani, ione jua lilivyofika.

Asiya akaingia na chai. Hakubisha.

"Baba Moubarak, iko nini?"

"Saa inabisha, programu haisikii."

"Umeipa ngapi?"

"Nane. Ni mudogo wa wote."

"Na kwa ile iliyokufa ilikuwa ngapi?"

Tajudini akaangalia chini. "Sifuri. Lakini hayo ni matusi."

"Na mi, pale mulangoni niko ngapi?"

"We hauko. We unaingia tu."

"Basi sifuri ni mi! Miaka kumi na mbili unanitukana? Ipe saa namba yangu."

Akaipa. Sindano ikashuka kama mvua juu ya bati, na Ijumaa asubuhi mkono wa pili ulikuwa umekwisha.

Lakini Massoudi alikuwa amesikia kwa Spéciose kwamba Asiya ni sifuri, na sifuri iko mbele ya moja. Alipokuja kuchukua gauni, hakukubali kubisha kama mtu wa pili. Akabisha mara sifuri. Akasimama mlangoni na kanzu yake, mikono nyuma, simu ameizima.

Ndani, gauni limekunjwa, watu wawili wakasikiliza mlango.

"Kaka anachelewa," Asiya akasema.

"Atabisha."

Saa nzima ikapita. Ndipo goti, goti, ndoo.

"Leo maziwa apana!"

"Maziwa gani!" Spéciose akafoka. "Mzee Massoudi amesimama hapa kama nguzo, na bibi harusi analia. Fungueni!"

Asiya akafungua. Massoudi akapokea gauni taratibu.

"Sikuwakatiza, natumaini," akasema.