Baba Alipopotea Kwenye Kioo

Siku niliyoleta pikipiki nyumbani, baba alitoka nje na ndala zake, akaizunguka. Aliipapasa zaidi ya kuitazama, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Akaminya breki, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, akageuza usukani huku na huku. Majirani zetu wa mtaa wa Mowlem walikuwa wameegemea vyuma vya roshani wakingoja kusikia mzee atasema nini. Mwishowe akasema, "Tairi la nyuma limejaa sana, lipunguze upepo," kisha akarudi ndani kumalizia chai yake.

Aliyepinga ni mama. Alisimama mlangoni na leso kiunoni, akaitazama ile pikipiki kama mtu anayemtazama mkwe asiyemtaka.

"Hicho kitu hakina hata mlango," akasema. "Ukigongwa, mwili wako ndio mlango."

Nilifanya kazi, na bado nafanya, katika maabara ya zahanati ndogo Mukuru kwa Reuben. Kila asubuhi nilipanda magari mawili na kutembea kipande kirefu katikati ya malori ya viwandani, na jioni hivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka kufika nyumbani wakati wazazi wangu wameshalala, nikute chakula kimefunikwa kwa sahani. Nilitaka kula nao.

Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Alianza na lori la saruji, akamalizia na basi la wafanyakazi wa kiwanda. Hakuna aliyemwachisha kazi. Siku aliposhindwa kusoma namba ya gari lililokuwa mbele yake, aliegesha basi, akapeleka funguo ofisini mwenyewe, akarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nimepewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto ananiita mama. Kuna wakati ananiheshimu kana kwamba kweli nilimzaa.

Miezi ya kwanza barabarani ilinitia adabu. Pale Outering nilijifunza kwamba kuna madereva ambao kwao pikipiki ni kama mbu, kitu cha kupunga mkono kiondoke. Matatu zilinijia nyuma zikipiga honi hadi nikaisikia kwenye meno. Magari madogo yalikata mbele yangu bila ishara. Na wakigundua chini ya helmeti ni mwanamke, wengine walifungua dirisha kabisa ili wanitukane vizuri.

Jioni moja nilirudi na mchubuko kwenye kiwiko. Nilivaa sweta la mikono mirefu nikaketi mezani kama kawaida. Baba aliinua pua.

"Nasikia harufu ya dawa ya vidonda," akasema. "Umeanguka wapi?"

"Sikuanguka, baba. Lori lilinisukuma kidogo nikagusa ukuta."

"Ulikuwa upande gani wa lori?"

"Kushoto. Karibu na tairi la mbele."

Mama aliweka kijiko chini. Baba hakugomba. Alitafuna polepole, akanywa maji, akasema, "Jumapili tukitoka kanisani utanipeleka mahali."

Mahali penyewe palikuwa yadi ya malori kule Industrial Area, ambapo rafiki yake wa zamani alikuwa mlinzi. Jumapili hakuna kazi. Malori yalikuwa yamepangwa kimya, na paka wamelala kivulini. Baba alimwomba rafiki yake afungue moja na kunipa funguo, akaniambia nipande kwenye kiti cha dereva. Sikuwa nimewahi kukaa juu vile. Dunia yote ilikuwa chini yangu, nikajiona mkubwa.

"Sasa mimi nitakuwa wewe," baba akasema kutoka chini. Akavaa helmeti yangu, ambayo ilimkaa kichwani kama sufuria, akaishika pikipiki bila kuiwasha. "Nitaisukuma kuzunguka lori. Ukiniona, piga honi. Usiponiona, nyamaza."

Nilimwona kwenye kioo cha kulia, nikapiga honi. Rafiki yake akacheka. Nilimwona akipita nyuma kwa mbali, nikapiga tena. Akatokea kwenye kioo cha kushoto, mdogo, ameinama akisukuma, shati lake la kanisani limeingia vumbi. Nikapiga honi. Kisha akapotea.

Nilingoja. Nikatazama kioo cha kulia, cha kushoto, nikatazama mbele. Hakuonekana popote. Nikajua kabisa kwamba ni mchezo, kwamba baba yangu yuko hapo hapo, na bado nikavitazama vioo upya. Nilikuwa na funguo mkononi na chini yangu kulikuwa na tani za chuma, na sikujua baba yuko wapi.

"Baba!"

"Niko hapa, mama," akajibu. Sauti ilitoka chini ya mlango wa kushoto, karibu sana. Niliinuka kwenye kiti nikachungulia, ndipo nikaiona helmeti. Alikuwa amesimama palepale kando ya tairi la mbele, mkono wake umeegemea chuma cha lori. "Niko hapa muda wote. Umeniona?"

"Sikukuona."

"Basi na yule dereva hakukuona."

Nilishuka nikamvua ile helmeti, nikampangusa vumbi shatini kwa kiganja. Nilikuwa naona haya kwa sababu macho yangu yalikuwa yamelowa, lakini ukungu wake ulinisitiri, au alijifanya haoni.

Tangu siku hiyo alinifundisha barabara kama watu wengine wanavyowafundisha watoto wao Biblia, kidogo kidogo, wakati wa kumenya maharagwe au kungoja maji yachemke. Aliniambia nitafute uso wa dereva kwenye kioo chake, kwa maana nisipouona uso wake, naye haoni wangu. Aliniambia anayenijia nyuma kwa hasira nimpishe kama ninavyompisha mtu aliyebeba uji wa moto, bila kuuliza ni wa nani. Nivae kizibao cha reflekta hata jua likiwaka. Nisiingie kamwe katikati ya magari mawili kama sijajua pa kutokea.

Mwaka uliofuata macho yake yalizidi kuharibika. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba atapasuliwa jicho moja kisha jingine. Baba alilichukulia jambo hilo kwa mzaha. "Nilidhani nimemaliza kuzaa," alimwambia mama, "kumbe kuna wengine wawili machoni." Lakini kabla ya kupasuliwa kulikuwa na safari nyingi za vipimo, na mimi ndiye niliyempeleka, yeye nyuma yangu na helmeti yake mwenyewe, mikono yake imenishika mbavuni.

Nilikuwa na hofu ya kumbeba mtu asiyeona vizuri. Kumbe masikio yake yalikuwa yanafanya kazi ya macho. Alijua lori la mizigo kwa jinsi linavyopumua linapopunguza gia, na matatu kwa muziki wake kabla haijafika. Akisikia kitu kinakuja kulia, alinibonyeza ubavu wa kulia. Kikija kushoto, kushoto. Hatukuwa tumepatana hivyo. Ilianza tu, nami nikaizoea hadi siku nilizokuwa peke yangu nilihisi ubavu uko wazi.

Asubuhi moja tulikuwa Jogoo Road, tumepita Donholm tukielekea hospitali mjini. Kushoto kwetu kulikuwa na basi, mbele gari dogo. Baba akanibonyeza kulia, akabonyeza tena kwa nguvu. Nikaona kwenye kioo matatu imewasha taa, inakuja. Sikuwa na pa kwenda. Dereva hakungoja. Aliingia kwenye njia yetu, kioo chake kikanikwaruza mkono, usukani ukatikisika, pikipiki ikalala upande hadi kiatu changu kikaburuzika kwenye lami. Sijui tulisimamaje tena. Nakumbuka tu uzito wa baba ulivyotulia, hakuyumba, akawa kama gunia lililofungwa vizuri. Makanga aliyening'inia mlangoni alicheka akapaza sauti, "Siz, rudi jikoni!" Matatu ikaruka mbele.

Damu ilinipanda. Nikaongeza mafuta.

"Mama," baba akasema kwa nyuma.

"Baba, huyu namshika."

"Mama. Weka kando."

Hakupaza sauti. Niliiweka kando, mahali wanapouza miche na maua kwenye mikebe. Baba alishuka akipapasa kwa mguu, akakaa kwenye ukingo wa barabara katikati ya waridi na michungwa midogo. Akavua helmeti.

"Ungemshika ungemfanya nini?" akauliza.

"Ningevunja kile kioo chake."

"Halafu?"

Nilitazama mkono wangu uliokwaruzwa.

"Hicho kioo," akasema, "ndicho atakachokuonea kesho."

Mwenye miche alituletea maji kwenye kikombe bila kuulizwa. Baba akanywa, akanipa, nikamalizia. Magari yalipita yakitupulizia moshi.

"Nimeogopa, mama," akasema. "Nilikuwa nimekushika kwa mikono miwili, na bado nikahisi unaniponyoka."

Baba yangu hakuwahi kutuambia kwamba aliogopa kitu. Si wakati lori lake lilipokatika breki kwenye mteremko, si wakati daktari alipomwonyesha picha ya jicho. Nilikaa kando yake kwenye ule ukingo, bega langu likagusa lake, tukakaa hivyo hadi aliposema twende. Tungechelewa. Tukachelewa.

Tulipoondoka nilienda polepole. Karibu na Buruburu foleni ilikuwa imekwama, na matatu ile ile ilikuwa hapo, imezimwa injini, muziki ungali ukilia, dereva ametoa kiwiko dirishani. Nilikaza macho mbele nipite. Ndipo nikahisi mkono mmoja wa baba umeniachia. Alikuwa ameuinua, kiganja wazi, kama madereva wa zamani walivyosalimiana barabara kuu. Alikuwa hamwoni yule mtu. Aliisikia tu matatu kwa muziki wake.

Dereva alishtuka. Alikuwa kijana tu, uso umechoka. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, na mkono wake ukainuka nusu. "Mzee," akasema, "pole. Ni hii job."

"Pole na wewe," baba akajibu. "Nenda salama."

Nilikasirika upya. Tulipofika hospitali nilimuuliza, "Baba, kwa nini umemsalimu mtu aliyetaka kutuua?"

"Nimemsalimu ili atuone," akasema. "Kwake tulikuwa pikipiki. Sasa ni mzee fulani na binti yake."

Sikukubaliana naye siku hiyo, na hata leo sisemi kwamba salamu ni ngao. Kuna madereva niliowapungia mkono wakanipungia tusi. Lakini nilianza. Kwenye taa, kabla magari hayajaondoka, natafuta uso wa aliye karibu nami na kuinua kiganja kidogo. Wengi hushangaa, kisha huinua kidole kutoka kwenye usukani. Wako madereva wawili watatu wa njia yetu wanaonijua sasa, hupunguza mwendo wakiona reflekta yangu. Mmoja huniita Daktari, nami nimechoka kumrekebisha.

Baba alipopasuliwa jicho la kwanza tulimrudisha nyumbani kwa gari, kwa sababu ya vumbi. Siku ya kutoa bandeji nilikuwa naye. Muuguzi aliifungua taratibu, baba akapepesa jicho, machozi yakamtoka. Akatazama saa ukutani, akaisoma kwa sauti. Kisha akanigeukia. Alinitazama muda mrefu hadi nikaanza kuona aibu.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Baba!"

"Hapa mbele. Mama yangu alianza hivyo hivyo, mahali hapo hapo." Akanyoosha kidole, akazigusa. Muuguzi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Tulipotoka nje akaiona pikipiki yangu, ambayo nilikuwa nimemwachia jirani aje nayo ili nirudi kazini. Akacheka sana. Miaka yote hiyo alidhani ni nyeusi. Ni nyekundu.

Jicho la pili lilipona mwezi uliopita. Tulipotoka kwenye ukaguzi wa mwisho alitaka kurudi kwa pikipiki, na daktari alisema hakuna shida mradi kioo cha helmeti kifungwe. Mchana ulikuwa wa joto, na alikuwa ameamka alfajiri kwa furaha ya kwenda. Nilipunguza mwendo nikakaa kushoto, nyuma ya lori la mchanga, nikiuona uso wa dereva kwenye kioo chake. Walionipigia honi niliwaacha wapite.

Tulipokaribia Jogoo Road, foleni ikituvuta hatua kwa hatua, nilihisi mikono yake inalegea mbavuni. Helmeti yake ikagonga mgongo wangu kidogo, ikakaa hapo. Baba alikuwa amesinzia.

Niliingia kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa karibu, nikazima injini chini ya kivuli, nikashusha miguu yote miwili. Mhudumu akaja na bomba mkononi. "Unaweka ya ngapi, madam?"

Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kwa macho aliyekuwa nyuma yangu. Akamtazama mzee, akatabasamu, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Mimi nikabaki nimeishikilia pikipiki wima, mikono yote miwili kwenye usukani, nikisikiliza pumzi za baba mgongoni, hadi alipoamka mwenyewe.