Shubiri wa Redioni

Mchana mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani, mpole kupita kiasi. Mteja akizidisha maneno yeye huinamia sindano yake. Lakini Jumamosi jioni, mchezo wa redio ulipoanza, nchi nzima ilimjua kama Shubiri, mama wa kambo anayemtesa yatima. Watu walimchukia kwa moyo wote. Muuza nyanya alimfungia zilizopondeka makusudi, akamwambia, "Kampikie yule yatima wako!" Naye alicheka, maana mwigizaji akitukanwa hivyo ujue kazi imekubalika.

Nyumbani alikuwa mama wa kambo kweli. Mumewe alikuwa na binti aliyefiwa na mama akiwa mdogo, mtoto mkimya aliyemwita "mama mdogo" kwa adabu ya mgeni. Kilichowaunganisha ni huo huo mchezo. Binti alisoma vizuri, basi akawa anamsaidia mazoezi: mwanamke anafoka ya Shubiri, binti anasoma ya yatima, "Mama, nisamehe, sirudii tena," kisha wote wanaangua kicheko. Neno "mama" likamzoea binti mdomoni. Siku moja, hakuna karatasi wala mazoezi, akauliza kutoka jikoni, "Mama, chumvi umeiweka wapi?"

"Kabatini," mwanamke alijibu, akaogopa hata kugeuka. Machozi yake yalilowesha kola ya shati la watu.

Yangeishia hapo ingekuwa raha. Lakini redio ina mtayarishaji, na mtayarishaji ana wasikilizaji wake, yaani sisi wapenda kulia kwa shida za wengine. Kituo kilifungua ukurasa mtandaoni, watu wakawa wanatoa maoni mchezo ukiwa hewani. Shubiri akilainika, kimya. Akitukana, maoni yanamiminika.

"Wanakupenda ukiwaudhi," mtayarishaji alimwambia. "Usijibane na karatasi, dada. Ongeza ya kwako."

Jumamosi moja studioni yatima wa mchezo alikuwa analia, na mtayarishaji nyuma ya kioo, simu mkononi, anamzungushia kidole: ongeza, ongeza. Neno likamtoka mwanamke.

"Mama yako angekuwa anakupenda, asingekufa akaniachia mzigo!"

Mtayarishaji aliruka kwa furaha. Ukurasa ulifurika; watu walilaani, walilia, wakatumiana kile kipande usiku kucha. Mchezo ulikuwa haujawahi kusikilizwa hivyo.

Yeye alikuwa njiani, anakimbilia nyumbani. Alimkuta binti kando ya redio, karatasi za mazoezi mapajani, kama kawaida yake ya kufuatisha kwa kidole.

"Hayo hayamo humu," binti alisema.

"Mwanangu, ni maneno ya Shubiri yale. Ni mchezo tu."

"Ya Shubiri nayajua, yote nimeyasoma. Hayo umeyatoa wapi?"

Mwanamke hakujua ameyatoa wapi, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Wiki ile ile shangazi, ambaye maoni ya mtandaoni aliyasoma yote na kuyaamini yote, alikuja kumchukua mtoto. "Akapumzike kwanza," alisema baba, bila kumtazama mkewe usoni. Binti hakulazimishwa. Alifungasha mwenyewe, akakunja nguo vizuri kama alivyofundishwa na fundi, na mlangoni akaaga kwa adabu.

"Kwaheri, mama mdogo."

Mwanamke aliomba Shubiri auawe kwenye mchezo. Wasikilizaji waliulizwa, wakakataa. Akagoma kuyarudia yale maneno, basi kituo kikayachukua kwenye rekodi, na sasa ndiyo yanayofungua mchezo kila Jumamosi. Kwa shangazi redio haizimwi.

Siku hizi hufanya mazoezi peke yake. Anasoma ya kwake, kisha analainisha sauti na kusoma ya yatima. Akishasema "Mama", husita kidogo, akasikiliza upande wa jikoni.