Betri ya Kinanda cha Marehemu

Mama mmoja wa Rusimbi, mwalimu wa kwaya, aliniletea kinanda cha marehemu mumewe kwenye kibanda changu cha ufundi, Buzebazeba. Kilikuwa sintesaiza ya zamani, yenye vifundo vingi, ambayo mpigaji hujitengenezea sauti mwenyewe kwa kuvizungusha. Mumewe alikuja nacho kutoka Burundi. Vitufe vitatu vilikuwa havilii, nikavisafisha vikalia. Nilipofungua chini ndipo nikaona betri ya kumbukumbu imeanza kuvuja.

Nikamweleza ukweli. Betri hiyo ndiyo iliyoshika sauti zote alizohifadhi mumewe. Ikitolewa bila umeme mwingine kushika nafasi yake, zinafutika. Ikiachwa, itaila bodi ya saketi iliyomo ndani. Nikakiri kwamba nilipokuwa mgeni wa kazi niliwahi kung'oa betri kama hiyo bila kufikiri, na kwaya moja ya Mwandiga ikapoteza sauti zake zote. Akauliza kama kuna fundi mwingine. Nikamjibu kwamba hapa mjini simjui.

Alinisimulia kuwa mumewe alihangaika wiki nyingi kutafuta sauti moja tu, ya filimbi za wachungaji wa kwao, na hakuandika popote alivyoipata.

"Fanya," akasema. "Lakini siondoki hapa."

Nikawasha kinanda ili umeme wa ukutani ushike kumbukumbu. Kwa tahadhari, umeme usije ukakatika, nikaunganisha betri mbili za tochi, nikampa nyaya zake azibonyeze kwenye bodi, nyekundu hapa, nyeusi pale. Nikatoa betri mbovu. Nikalehemu mguu mmoja wa betri mpya. Kabla sijaugusa wa pili, feni ikasimama na taa za kinanda zikazimika. Umeme ulikuwa umekatika.

Sasa sauti zote zilikuwa kwenye vidole vyake, na chuma changu cha kulehemu kilikuwa kinapoa.

"Usiinue mkono, mama."

"Siinui. Nenda."

Nilikimbilia kwa jirani anayekaanga maandazi, nikatumbukiza ncha ya chuma kwenye makaa. Niliporudi, risasi ya kulehemu haikuyeyuka, ilinata tu. Nikatoka tena. Safari hii nilisubiri hadi jirani akaanza kulalamika kwamba mafuta yake yanapoa. Nilimkuta yule mama jasho likimchuruzika hadi kidevuni, hana mkono wa kulifuta. "Buhoro, buhoro," alikuwa akinong'ona kwa Kirundi, pole pole, sijui ananiambia mimi au mikono yake. Risasi ikayeyuka, ikashika. Nikamwambia aachie. Hakuachia. Nilizitoa nyaya vidoleni mwake mimi mwenyewe.

Hatukuwa na namna ya kujua mpaka umeme urudi. Tukakaa. Chai aliyotuletea jirani ikapoa mbele yetu.

"Ulipotoka mara ya pili," akasema bila kunitazama, "waya mwekundu uliteleza. Niliurudisha. Sijui ulikaa nje muda gani."

Huenda ulikuwa muda mfupi, huenda sauti zimefutika zote. Nilitazama feni kwa karibu saa mbili.

Iliposhtuka na kuanza kuzunguka, sikuthubutu kugusa kinanda. Yeye ndiye aliyechagua namba ya sauti na kubonyeza kitufe kimoja. Filimbi ikatoka, nyembamba, yenye pumzi ndani yake kama ya mtu. Aliishikilia muda mrefu. Niligundua nimeushika ukingo wa meza.

Kisha akaomba karatasi na kalamu. Tukakaa hadi jioni tukiandika vipimo vya sauti ile, kimoja kimoja, yeye akisoma kwenye kioo cha kinanda na mimi nikiandika.