Chupa Bapa ya Kuusela

Marjukka alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na kwa kudanganya hakuwa na mpinzani mji mzima. Simsengenyi, mwenyewe huyasema hayo huku akimenya viazi. Vodka yake ilikaa jikoni pale shuleni ndani ya chupa ya siki, na miaka nenda miaka rudi watoto walikula supu yao ya njegere kila Alhamisi wakashiba, bila mtu kujiuliza siki yote ile inakwenda wapi. Akinuka pombe, alisema ni dawa ya kusukutua. Akianguka njiani, alisema ni barafu, na kwa kuwa kwetu barafu haikosekani nusu ya mwaka, aliaminiwa.

Aliyeacha kumwamini ni mmoja tu, binti yake Essi. Majira ya baridi Essi alijifungua mtoto wa kike. Marjukka alipokwenda kumwona mjukuu, alikuwa amejipaka manukato ya kutosha harusi nzima, na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Essi alimtazama, akamkumbatia mtoto vizuri zaidi.

"Mama, huyu hutamshika mpaka upone," alisema. "Nakupenda, lakini hutamshika."

Mwanamke aliyelisha watoto wa mji mzima akarudi nyumbani bila kumgusa wa kwake. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Aliingia hospitali, wakamkausha pombe mwilini, na alipotoka akaambiwa achague pa kwenda kukaa ili asirudie: kliniki ya mjini, yenye madaktari na wauguzi, au Kuusela, nyumba ya shambani kando ya ziwa, inayoendeshwa na walevi wa zamani wenyewe.

Kliniki alikwenda kwanza. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya taratibu. Marjukka akamsimulia habari ya mvinyo kidogo wa mwisho wa wiki, ya mume aliyemwacha, ya upweke wa jioni ndefu, na penye kustahili chozi akatoa chozi. Daktari akampa kitambaa. Wakapatana kuwa kitanda chake kitakuwa tayari Jumatatu, na Marjukka akatoka nje moyo mweupe kabisa.

"Pale nitapaweza," alimwambia Essi ndani ya gari.

Essi hakupenda vile mama yake alivyolitamka neno lile. "Twende na Kuusela tukaone," alisema. "Kuona si kuolewa. Halafu utachagua mwenyewe."

Walifika Alhamisi, theluji ikidondoka kutoka mapaani kwa jua la Aprili. Essi alikisimamisha kigari cha mtoto barazani, mtoto akiwa amelala humo na kofia yake ya sufu, mashavu mekundu kwa baridi, kama watoto wote wa kwetu wanavyolazwa nje mchana. Wakaingia jikoni, ambako dirisha lilitazama baraza.

Aliyewapokea ni Taimi, jitu la mwanamke, zamani mwendesha winchi bandarini. Wakazi wa nyumba walikuwa wamemchagua awe mkuu wao, na kabla ya cheo hicho alikuwa akilala kituo cha mabasi. Kwenye jiko alisimama Reino, mwembamba kama mwiko wake, ambaye tatizo lake lilikuwa vidonge. Daktari hakuwepo, wala mlinzi, wala kufuli. Palikuwa na sufuria ya supu ya njegere, na chapati nene ya maji ndani ya joko.

Marjukka akavuta kiti, akaanza. "Mimi hasa ni mvinyo kidogo tu, mwisho wa wiki. Unajua tena, mume akishaondoka..."

Taimi alimtazama Reino. Reino alimtazama Taimi. Wakaangua kicheko, na Reino ikambidi aweke mwiko chini.

"Samahani, dada," alisema Taimi akijipangusa macho. "Hadithi hiyo niliisimulia mimi, kwenye kiti hicho hicho. Ila yangu ilikuwa na machozi."

"Na yangu inayo," alisema Marjukka. "Hamkuyasubiri."

Sasa akacheka hata Essi, na Marjukka hakukumbuka mara ya mwisho kumchekesha mwanawe. Alikasirika kidogo, maana mtu hapendi kuharibiwa kazi yake, lakini alijisikia pia kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Taimi alichukua rafuni chupa bapa ya kioo, ndogo, tupu, iliyochakaa kwa kushikwa.

"Kila mgeni huificha hii," alisema. "Popote, ila isitoke nje ya ua. Sisi tutaligeuzia dirisha mgongo mpaka kahawa iive, halafu tutaitafuta. Tukiipata, tutakutania mpaka jioni. Tusipoipata, umeshinda, na hatutakuuliza ilipo."

"Yupo aliyewahi kushinda?"

Reino akanyoosha mkono. "Mimi. Uani palikuwa na sanamu ya mtu wa theluji. Nilimjengea tumbo jipya, nikaitia humo. Nikaondoka hapa kifua mbele."

"Na chupa?"

"Ilijitoa yenyewe theluji ilipoyeyuka. Mimi nilichelewa zaidi. Nilirudi nimelazwa ndani ya gari la wagonjwa." Akaonja supu, akaongeza chumvi.

Marjukka alitoka nje na chupa mfukoni, na damu ikamchemka kwa raha. Huu ulikuwa mchezo wake. Alizipita kuni za sauna, ile nyumba ya kuogea kwa mvuke, bila kuzitazama, akalidharau banda la zana. Hayo ni maficho ya wanaojifunza. Kahawa ilipoiva alikuwa amekwisha kurudi, ameketi, amekunja mikono.

Wakaanza msako. Taimi alipangua kuni za sauna, akaingiza mkono ndani ya tanuri hadi begani, akatoka mweusi kwa masizi. "Hapa palikuwa pangu," alisema kwa mapenzi, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyozaliwa. Reino alifungua tangi la choo, pipa la unga, buti zote za mlangoni, kiota cha mbao cha ndege. Essi naye akaingia mchezoni, kipande cha chapati mkononi, jemu ya stroberi kidevuni, akapekua hadi sanduku la posta. Kila walipokipita kigari barazani walinyata, Reino akiwaonya kwa kidole mdomoni wasimwamshe mtoto.

Marjukka aliwatazama dirishani akavimba kwa fahari. Alikuwa amewapiga chenga walevi waliobobea, wote kwa pamoja, katika uwanja wao wenyewe.

Kisha Essi alisimama kwenye kigari. Aliinama, akalivuta blanketi kidogo. "Lala, mama," alimnong'oneza mtoto, akaondoka kwa kunyata.

Fahari ikamtoka Marjukka yote. Mtoto aliyekatazwa kumshika, amemfanya mlinzi wa chupa. Na hakujishauri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu ulijua kwamba mahali pale hapana atakayethubutu kupekua.

Walirudi wakihema, wakaketi mezani kula supu.

"Tumenyoosha mikono," alisema Taimi. "Umetushinda, dada. Nenda zako kliniki Jumatatu na Mungu akujalie, wala sikutanii."

Marjukka alipiga hesabu zake haraka, kama alivyozoea. Akinyamaza, ataichomoa chupa wakati wa kupakia kigari, na Essi hatajua maisha. Jumatatu atalala kwenye shuka safi na kumlilia daktari yule mpole, na wakati wa kiangazi atatoka na cheti. Akisema, Essi atambeba mtoto wake na kuondoka, na huenda mlango usifunguliwe tena. Alichota supu, akairudisha sahanini.

"Iko chini ya mtoto," alisema.

Essi aliweka kijiko mezani polepole, akatoka. Wote wakamfuata barazani, Reino na mwiko wake mkononi, wakakizunguka kigari.

"Ulimwamsha?" aliuliza Essi, bila kugeuka.

"Hapana. Iko chini ya godoro, upande wa miguu."

"Ulimgusa?"

"Soksi tu. Nilitaka kumgusa zaidi, nikaogopa hii mikono."

Essi akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba hakutaka kujua, "Na zamani, Mama? Nilikuwa napekua nyumba nzima. Napekua mpaka nalia. Ulikuwa unaweka wapi?"

Marjukka angeweza kutaja kabati. "Kwenye gari lako. Chini ya tairi la akiba."

"Gari langu mimi?"

"Hukuwahi kupata pancha."

"Yaani miaka yote ile nimekuwa dereva wa vodka yako?"

"Tena dereva mzuri," alisema Marjukka, machozi yakimtoka, na safari hii hakuyapangia mahali. "Hata chupa moja haikuvunjika."

Essi alijaribu kukasirika. Alikuwa na kila haki, na uso ulikwisha kujipanga kwa kazi hiyo, lakini kicheko kikamponyoka puani, kikafuatiwa na kingine, mwishowe akawa anacheka na kulia akiwa ameshika mpini wa kigari. Reino alisema kwamba yeye alipita pale akinyata kama paka, huku amejiwekea kidole mdomoni mwenyewe, na Taimi akacheka mpaka masizi yakamchuruzika mashavuni.

Kelele hizo zikamwamsha mtoto. Akalia kwa pumzi zake zote. Essi akamnyanyua, akajaribu kulivuta godoro kwa mkono mmoja, likakwama.

"Kwa hiyo, dada?" Taimi alimwuliza Marjukka. "Jumatatu uko wapi?"

"Yule daktari ni mtu mwema," alisema Marjukka. "Nitamtia mfukoni kabla ya chakula cha mchana. Nipeni kitanda hapa. Na huyo Reino nimfundishe supu. Ameiua kwa chumvi."

"Huyu ameanza lini kazi hapa?" alisema Reino.

Essi alikuwa bado anashindana na godoro, mtoto akimlilia sikioni. Akageuka kutafuta wa kumpokea. Taimi alikuwa masizi matupu. Reino alikuwa ameshika mwiko unaodondosha supu. Macho ya Essi yakamfikia mama yake, yakatulia hapo.

"Shika," alisema.

"Essi, mikono yangu..."

"Mikono nimeiona. Kaa chini kwanza."

Marjukka alikaa kwenye benchi la baraza, akampokea. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, na wa moto. Mikono ilitetemeka kweli, na mtetemeko ule ule ukambembeleza. Kilio kikapungua, kikawa manung'uniko, kikaisha. Marjukka alifurahi hadi akaona haya, akainamisha uso kwenye kofia ya sufu.

Essi alilinyanyua godoro kwa mikono miwili, akaitoa chupa, akampa Taimi airudishe rafuni. Akatandika upya, akalainisha shuka, akalikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Kigari kilikuwa tayari kitambo, naye hakumwomba mama yake amrudishe mtoto.